Kipya Kinyemi: Bapa la Mkuki wa Uchagani na Adabu ya Kuondoa Kutu

Wahenga wa pwani walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii aghalabu hutajwa katika mambo ya mapenzi na ndoa, lakini inastahili pia kutajwa mbele ya silaha ya kale iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Mkuki wa babu hutolewa darini ukiwa umevaa kutu. Wajukuu huuonea haya. Hupelekwa kwa fundi mwenye tupa na msasa. Hurudi mweupe kama sahani ya arusi, na pengine umepakwa rangi ya fedha ili usishike kutu tena. Nyumba nzima hufurahi. Kilichopotea hakiulizwi, kwa kuwa hapana aliyejua kwamba kilikuwapo.

Makala haya yanalitazama jambo hilo kutokea Mwika, katika mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, pale barabara itokayo Himo inapopanda kupitia Marangu na Mamba kabla ya kuelekea Rombo. Wengi huijua Mwika kwa soko lake, kwa migomba yake na kwa chuo chake cha Biblia cha Kilutheri. Lakini jirani yake wa magharibi, Mamba, ndiko kulikokuwa na wahunzi mashuhuri upande huu wa mlima, na zana na silaha zilizofuliwa huko zilienea katika vihamba vya majirani na kushuka hadi nyikani kwa Wamasai. Swali ni hili: mabapa hayo ya kale, yale machache yaliyosalia, yasafishwe vipi? Laonekana kuwa swali la fundi. Dai la makala haya ni kwamba ni swali la mhakiki kwanza, kwa sababu kusafisha bapa ni kulisoma, na asomaye vibaya hufuta asichoweza kukiandika tena.

Wapenzi wa ushairi hawatalistaajabia dai hili, maana wanalijua kwa jina jingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya katika karne ya 19, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, yakapigwa chapa mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akayarudia katika kitabu chake juu ya Muyaka. Kila mhariri wa maandiko ya namna hii hufika mahali ambapo karatasi imeliwa na mdudu, au neno limezeeka hata halitambulikani. Hapo huwa na njia mbili. Anaweza kuliacha neno lilivyo na kueleza ugumu wake pembeni, au anaweza kuliondoa na kuweka neno jepesi lenye mizani ileile. Njia ya pili humpendeza msomaji wa leo. Beti husomeka, kina hakijavunjika, na hakuna ajuaye kwamba neno la Muyaka limetupwa jaani. Huo ndio msasa wa mhariri.

Mahali ambapo adabu ya kusoma chuma imefikishwa mbali kabisa si bara Afrika wala Uarabuni, bali ni Java, katika visiwa vya Indonesia. Silaha ya huko ni kerisi, jambia lenye bapa jembamba ambalo mara nyingine limenyooka na mara nyingine lina mawimbi kama nyoka atambaaye. Mhunzi wake huitwa empu. Huyu huchukua chuma cha kawaida, akakipandanisha na chuma chenye nikeli, akavifua pamoja, akavikunja na kuvifua tena, hata tabaka za vyuma viwili zikawa nyembamba kama kurasa za kitabu. Na katikati hutia chuma cha pua kwa ajili ya makali. Iko habari mashuhuri ya kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan mwishoni mwa karne ya 18. Chuma chake chenye nikeli kilitumiwa na wahunzi wa makasri ya Java ya kati, na kipande kilichobaki kimehifadhiwa katika kasri la Surakarta. Nakshi inayozaliwa kwa kukunja huko huitwa pamor, na wajuzi wamezipa nakshi hizo majina kama sisi tulivyozipa majina bahari za ushairi: moja ni mchele uliomwagika, nyingine ni mvua ya dhahabu, nyingine imeitwa kwa kuti la mnazi.

Ila nakshi hiyo haionekani wazi bapa litokapo kwenye tupa. Vyuma vyote viwili huwa vya kijivu, na jicho haliwezi kutenga hiki na kile. Lazima viulizwe. Bapa huloweshwa katika maji ya nazi, likasuguliwa kwa ndimu hata kutu ikatoka yote na chuma kikawa cheupe. Kisha hupakwa maji ya ndimu yaliyotiwa aseniki, sumu kali ya madini ambayo Wajava huiita warangan na ambayo hapana mtu mwenye akili atakayeichezea nyumbani. Chuma cha kawaida hugeuka cheusi. Chenye nikeli huukataa weusi na kubaki na rangi ya fedha. Ndipo mchele uliomwagika hutokeza, punje kwa punje. Bapa husuuzwa, hukaushwa, hupakwa mafuta yenye harufu ya msandali au yasmini, na kurudishwa alani. Kazi hii hufanywa zaidi katika mwezi wa Sura, ambao ndio Muharram katika kalenda ya Kijava. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kerisi kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa wanadamu usioshikika, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha rasmi ya urithi huo.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni tofauti kati ya kutia weusi na kupaka rangi. Rangi huja kutoka nje na kulikalia bapa. Ingeweza kukalia ubao au bati vilevile. Weusi wa kerisi umetoka katika chuma chenyewe. Tindikali imeuliza, na kila tabaka limejibu kwa tabia yake. Fundi wa Java hawezi kuichora nakshi ambayo empu hakuiweka, na akijaribu kuichora juu juu, wajuzi huigundua. Kwa maana hiyo kazi yake yakaribia ya yule asomaye hati ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu bila ya irabu kamili. Hati haimpi kila sauti. Humdai aijue lugha kwanza, ndipo alama chache zimtamkie neno zima. Ajuaye hufunuliwa. Asiyejua hubuni.

Haifai, hata hivyo, kuisifu Java kupita kiasi. Ndimu na aseniki hula chuma kidogo kila vinapopakwa, na kerisi kongwe zilizooshwa kwa vizazi vingi zimekonda, nyingine zimeliwa kingo. Wajava wanalijua hilo na wamelikubali kama gharama ya kuendelea kuisoma silaha. Wanaweza kulikubali kwa sababu sanaa yao ingali hai: wako empu wafuao kerisi mpya, wako waoshaji walioifunzwa kazi, wako watazamaji wazijuao nakshi kwa majina. Bapa moja likikonda, lugha haifi. Hoja hii itarejewa baadaye, kwa kuwa ndipo Java na Uchagani zinapoachana.

Hatari ya mfano mzuri ni watu kuufanya kanuni. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanaikumbuka hatari hiyo katika mgogoro uliopamba moto miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya *Kichomi* mwaka 1974. Walikuwapo walioyapima mashairi yake kwa vina na mizani na kuyakuta hayana, wakahukumu kwamba si mashairi. Walikuwapo pia, kwa upande wa pili, walioona kwamba vina na mizani ni kamba tu ya kumfungia mtunzi, wakazidharau tungo zilizojengwa kwa kamba hiyo kwa ustadi wa karne nyingi. Makundi yote mawili yalikosea kosa moja: kila moja lilichukua kipimo cha bahari moja na kukipimia nyingine. Atakayechukua aseniki ya Java na kuimwagia kila silaha ya kale akitafuta nakshi atakuwa amerudia kosa lilelile, tena juu ya kitu kisichoweza kujitetea.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa visiwani ni jambia la Oman, ambalo wengi wamelirithi majumbani na ambalo limo katika bendera ya nchi hiyo. UNESCO iliuingiza ufundi wake katika orodha yake mwaka 2022. Jambia nalo ni bapa lililopinda, lakini thamani yake haikuwekwa hasa bapani. Imewekwa mpinini, ambao katika majambia ya fahari ulikuwa wa pembe ya kifaru, na katika ala iliyovikwa fedha na nyuzi za fedha zilizosukwa. Kulitia jambia tindikali ili liwe kama kerisi ni kuzungumza na mtumishi huku bwana mwenye nyumba amekaa kimya. Na hata fedha yenyewe haitaki juhudi kubwa. Anayeisugua kila Idi kwa majivu na ukwaju, kama zinavyosuguliwa njumu za milango ya Mji Mkongwe, baada ya miaka mingi hujikuta na ala laini isiyo na maua. Maua yaliondoka kitamboni, kidogo kidogo, pamoja na weusi uliolala ndani ya michoro na kuifanya ionekane.

Sasa na urudiwe mlima. Mkuki wa Uchagani wa mwishoni mwa karne ya 19, ule uliofuliwa kwa namna waipendayo Wamasai, una sehemu tatu: bapa refu jembamba lenye mgongo katikati; kishikio kifupi cha mti; na chini yake fimbo ndefu ya chuma inayoishia kwa ncha. Hauna nakshi, hauna fedha, hauna jina lililochorwa. Mtu aliyezoea kerisi atauona kuwa maskini. Lakini auchukue mkononi. Mgongo unanyooka toka shingoni hadi nchani bila kuyumba, ingawa haukunyooshwa kwa mashine. Pande mbili za bapa zinapungua kwa kiasi kimoja. Chuma cha juu na chuma cha chini vinaafikiana hata mkuki mzima ukatulia juu ya kidole pale penye mti. Neno la kuuhakiki liko tayari katika Kiswahili, nalo ni mizani. Uzuri wa mkuki huu ni wa mizani bila ya vina. Kuutafutia nakshi ya kupakwa ni kuuongezea vina usivyovitaka.

Je, basi hakuna kitu cha kusomwa ndani ya mwili wake? Kipo, na hapo ndipo msasa unapofanya uharibifu. Wachaga wa zamani walipata sehemu kubwa ya chuma chao kwa majirani zao wa milima ya Upare ya kaskazini, hasa Ugweno na Usangi. Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi ukoo wa Washana ulivyosifika kwa uhunzi na jinsi ulivyotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Kule Upareni mchanga mweusi wa chuma ulitiwa tanurini pamoja na makaa ya miti, mivukuto ya ngozi ikapuliza, na mwishowe likatoka donge. Chuma hicho hakikuwa kimeyeyuka kikawa maji kama kile cha viwanda vya leo. Donge lilikuwa kama sifongo, limejaa takataka za tanuri zile ambazo watu wa pwani huziita mavi ya chuma. Mhunzi alilipasha moto, akalipiga, akalikunja, akalipiga tena, hata takataka nyingi zikatoka. Lakini si zote. Zilizobaki zilinyooshwa pamoja na chuma zikawa nyuzi nyembamba ndani yake, kama nyuzi za ubao.

Kwa hiyo bapa la chuma cha Ugweno lina nyuzi, ingawa hapana aliyekusudia liwe nazo. Wataalamu wa madini wakikata kipande kidogo, wakakilainisha na kukitia tindikali dhaifu, huziona kwa hadubini: mwelekeo wa nyuzi huonyesha mhunzi alikunja wapi, alinyoosha wapi, aliunga wapi. Ni mwandiko wa mkono usiojua kwamba unaandika. Kerisi ni utenzi uliotungwa ili usomwe. Bapa la Uchagani ni mazungumzo yaliyonaswa. Vyote viwili vina haki ya kusikilizwa, lakini havisikilizwi kwa namna moja.

Mwandiko huo una thamani zaidi kwa kuwa haukubaki mmoja. Katika karne ya 19 misafara iliyopanda kutoka pwani ilileta waya nene wa chuma, na wahunzi wa mlimani wakaanza kuufua badala ya donge la Ugweno. Chuma cha kigeni kilipozidi kujaa katika miongo iliyofuata, tanuri za Upareni zikazimika. Baadaye yakaja magari, na springi chakavu ikawa malighafi ya mhunzi wa Mamba. Kwa springi hufuliwa panga na mundu, na mikuki ya kuuzia wageni wanaopelekwa kumtazama akifanya kazi. Mikuki mitatu inaweza kuwa na umbo moja, urefu mmoja na mizani moja, na huku mmoja ukawa wa donge la Mshana, wa pili wa waya wa misafara na wa tatu wa springi ya lori. Miili yao tu ndiyo inayosema ni upi. Historia ya biashara, ya ukoloni na ya kuzimika kwa tanuri imo humo, na mara nyingi haimo penginepo, kwa sababu mhunzi hakuacha daftari.

Pwani yenyewe imo katika historia hiyo. Idrisi, aliyeandika mwaka 1154, alikwisha kutaja chuma cha pwani ya Afrika Mashariki kilivyosafirishwa hadi India na kugeuzwa panga zilizosifika duniani. Mkuki wa Mwika uliofuliwa kwa waya wa misafara ni jibu la safari hiyo baada ya karne saba: safari hii chuma kilikuwa kinapanda kutoka bandarini.

Juu ya mwili huo kuna ngozi, nayo pia ina habari. Yeyote aliyemenya ndizi mbichi anajua kwamba utomvu wake hutia mikono na kisu weusi usiotoka kwa sabuni. Sababu yake ni tanini, ambayo imo katika utomvu wa mgomba na ambayo ikikutana na chuma hufanya rangi ya buluu iliyoiva hata kuwa nyeusi. Ni kanuni ileile iliyotengeneza wino wa kale wa Ulaya na wa nchi nyingi za Kiislamu, uliochanganywa kwa chumvi ya chuma na tanini ya miti. Mafundi wa makumbusho nao hutumia tanini kuituliza kutu isiendelee kula. Basi Mwika, penye migomba kila upande, mundu na panga za kihambani hutiwa wino kila siku bila ya fundi wala Muharram. Weusi huo uliotulia juu ya chuma si uchafu. Kwa sehemu ni ngao ya chuma, na ni ushahidi wa kazi kilichoifanya. Moshi wa jiko la ndani katika nyumba za msonge za zamani ulitia tabaka jingine, pamoja na mafuta ya mikono. Jirani wa Wajava alihitaji aseniki ili silaha yake inene. Mtu wa Mwika alihitaji kuishi tu.

Kwa kipimo hicho sasa yaweza kuhukumiwa yale yanayofanyiwa mabapa haya. La kwanza ni msasa na rangi ya fedha. Hili laonekana dogo kwa kuwa hufanywa kwa upendo, lakini ndilo baya kuliko yote. Jiwe la kunolea la umeme huondoa ngozi yote kwa dakika chache, likafuta alama za nyundo, likaumaliza mgongo, na joto lake likaharibu ugumu wa makali. Kinachobaki ni umbo la mkuki lisilo na mkuki ndani yake.

La pili ni uzee wa kughushi. Mikuki mipya hutiwa chumvi na tindikali ya betri, ikafukiwa ardhini wiki chache, kisha ikauzwa kwa mtalii kama ya enzi za Mangi fulani. Hapa kutu imegeuzwa kuwa rangi: imepakwa kutoka nje ili iseme uongo. Ubaya wake hauishii kwa mnunuzi aliyedanganywa. Huwafunza watu kuamini kwamba uzee wa kweli nao ni pambo, na kwamba lolote lililo jekundu na lenye mashimo ni la kale.

La tatu ni la makumbusho, nalo limefichika zaidi kwa kuwa huvaa joho la elimu. Silaha nyingi za Kilimanjaro zilichukuliwa kwenda Ujerumani katika enzi ya ukoloni wake, uliomalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza. Katika makumbusho mengi ya Ulaya ya zama hizo chuma kilisuguliwa na kupakwa vanishi, na ngozi na manyoya vikatiwa aseniki ili wadudu wasivile. Sumu iliyotumika Java kufunua ikatumika huku kunyamazisha, na leo ni mojawapo ya vikwazo katika mazungumzo ya kurejesha vitu makwao, kwa kuwa ala ya sime iliyotiwa sumu haiwezi kukabidhiwa ukoo uishike kama walivyoishika babu zao. Tena kibandiko kikiandikwa, aghalabu huandikwa jina la kabila na la mtu aliyekiingiza kitu makumbushoni. Mfua chuma hakutajwa, na myeyushaji wa Ugweno hakufikiriwa hata kidogo. Mkuki wa mataifa mawili ukawa wa moja.

Ukimya huo wauma zaidi ukikumbukwa mhunzi alikuwa nani. Kwa Wamasai, walioipenda mikuki yake, mhunzi alikuwa wa ukoo uliotengwa. Uchagani aliheshimiwa na kuogopwa, na nyundo yake ilihesabiwa kuwa na uwezo wa kulaani. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi na Wachaga kwa miaka mingi, alimwandikia mhunzi makala nzima mwaka 1912, akieleza nafasi yake katika fikra za watu. Mtu ambaye laana yake ilitisha hivyo ameishia kutokuwa na jina hata kwenye kibandiko cha inchi mbili.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba mkuki si wa mhakiki. Ni wa ukoo, na ukoo una haki ya kuupendezesha. Mkuki uliooza ukutani ni aibu kwa waliorithi, na kutu ikiachwa haikai kimya. Katika unyevu wa Mwika, penye mvua za masika na za vuli na ukungu wa mlima, hula hadi pasibaki kitu cha kuhifadhi. Hoja hizi ni nzito. Lakini hazimlazimishi mtu kuchagua kati ya kuoza na kung'aa. Kutu nyekundu iliyolegea, ile inayopukutika kwa kidole, ndiyo inayokula, nayo yaweza kuondolewa kwa kitambaa, mafuta mepesi na uvumilivu. Ngozi nyeusi iliyoshikamana haili, iachwe. Rangi na vanishi zisitiwe, kwa sababu unyevu hupenya chini yake na kutu ikaendelea kula gizani. Mafuta yasiyo na chumvi, yakipanguswa na kurudiwa kila msimu, yatosha. Na tindikali ya kutafuta nakshi iachiwe mtaalamu mwenye hadubini na kipande kidogo, wala isiletwe sebuleni.

Hapa ndipo Java na Uchagani zinapoachana, kama ilivyodokezwa. Mjava akiosha kerisi na kuikondesha, empu mwingine anafua nyingine. Tanuri za Ugweno hazitoi donge tena. Kila bapa la chuma cha Washana lililosalia ni nakala ya diwani ambayo mtunzi wake amekufa na ambayo haikunakiliwa. Anayelisugua hafuti neno la bapa moja tu, anapunguza lugha yenyewe. Kwa hiyo msomaji wa Uchagani anapaswa kuwa mwoga kuliko wa Java, ingawa bapa lake laonekana maskini zaidi.

Kiswahili cha kale kina neno fumo. Maana yake ni mkuki, na ndilo lililokuwa jina la heshima la watawala wa pwani ya kaskazini, likiwamo la Fumo Liyongo. Katika kisa chake, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitia katika utenzi mwaka 1913, shujaa huyo hawezi kuuawa kwa chuma; huuawa kwa shaba, tena kwa mkono wa mwanawe mwenyewe, aliyeshawishiwa kwa ahadi nzuri. Mikuki ya Mwika nayo ilistahimili vita, misafara na wakoloni. Mwana wa nyumba ndiye aliye karibu nayo kuliko mtu yeyote, ndiye mwenye msasa mkononi na nia njema moyoni. Kabla hajaanza, na amuulize mzee aliye hai mkuki huo ulifuliwa na nani na wapi, aliandike jibu kwenye karatasi, na karatasi iwekwe pamoja na mkuki. Kusafisha kunaweza kungoja hadi jibu lipatikane.